NANI ALIYEMFUNDISHA BINTI HUYU?

 

Ndugu zetu Waislamu, tarehe 27 Agosti 2012 BBC ya Uingereza ilianza kuonyesha katika televisheni mchezo wa kuchekesha uitwao Citizen Khan, ukaendelea mpaka mwaka 2016. Mchezo huo wahusu nyumba moja ya Waislamu wenye asili ya Pakistani, katika mtaa wa Sparkhill, mjini Birmingham. Mwenye kucheza kama Bwana Khan ni Adil Ray, naye ni mmoja wa walioutunga, Muislamu mzaliwa wa mji huo huo.

Bwana Khan ni mtu ajiitaye kiongozi wa jamii, hali hakuna aliyemchagua. Apenda kuonekana msikitini. Msimamizi wa msikiti ni Mzungu aliyesilimu, na Bwana Khan hamwamini, kwa rangi yake tu. Ana mabinti wawili, Shazia na Alia. Na Alia ndiye kipenzi chake, amwonaye kuwa mcha Mungu.

Siku ile ya kwanza Alia alionyeshwa amejipamba uso. Aliposikia baba yake yuaja, alikurupuka akajitanda mtandio, akafungua Msahafu, akajifanya anasoma. Baba akaridhika. Waislamu wengi wa Uingereza walighadhibika, na malalamiko zaidi ya 100 yakafika BBC.

Sisi hatuusifu mchezo huu. Msahafu si chombo cha kuchekeshea watu, na Sura ya Hujurat imetukataza kufanyiana maskhara. Waliokasirika walikuwa na haki yao. Walakini, hasira ikisha kupoa, lasalia swali tusiloweza kulikimbia: nani aliyemfundisha binti huyu kwamba wa kuogopwa ni baba aingiapo mlangoni, ilhali Mola aliyekuwa naye chumbani tangu mwanzo hakumkumbuka?

Hakufundishwa na BBC. Alifundishwa na baba ambaye dini yake mwenyewe ni ya kutazamwa na watu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Wala tusijidanganye kuwa haya ni ya Birmingham peke yake. Ni wangapi katika sisi, hapa Mombasa, Malindi na Lamu, tukikohoa mlangoni simu yafichwa chini ya mto na mtandio warudi kichwani? Nasi twaketi, twaletewa chai, twamshukuru Mungu kwa watoto wema. Hatujui kuwa tuliloona ni khofu yetu tu. Siku tutakapofukiwa kaburini, khofu hiyo itafukiwa pamoja nasi. Na je, mtoto atasaliwa na nini?

Riya Mtume wetu aliiita shirki ndogo. Mtu mzima huitenda kwa kupenda sifa; mtoto twamzoeza sisi wenyewe, kwa kumkemea mbele za watu na kumsahau faraghani.

Tumtazame Luqman katika Qur'ani. Alimwita mwanawe kwa upole, akamkataza shirki. Kisha akamfahamisha kwamba jambo, lau ni dogo kama chembe ya khardali ndani ya jabali, Mwenyezi Mungu alijua na atalitoa. Baada ya hayo ndipo akamwamrisha Sala. Wengi wetu twaanza na amri na fimbo, na lile la kwanza hatulifikii kabisa.

Basi leo usiku, ewe mzazi, ingia nyumbani kwako kwa salamu, si kwa upelelezi. Keti na mwanao, umsikilize hata akikwambia usilolipenda. Akuone ukisali pasipokuwa na wa kukusifu, na akusikie ukikiri kosa lako. Mtoto asemaye kweli na ana upungufu yu karibu na kutengenea kuliko amfichaye baba yake kwa mtandio.

Ewe Mola wetu, zitengeneze siri zetu kabla ya dhahiri zetu, na utujaalie watoto wakuogopao Wewe tuwapo na tusipokuwapo. Amin.