Akishashika Jembe

Wahenga walinena: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Je, akishalima, hana kauli juu ya mavuno? Katika Ferguson, kitongoji cha St. Louis, Marekani, mwaka 1970 takriban wakazi wote walikuwa Wazungu; kufikia 2010 thuluthi mbili walikuwa weusi. Hata hivyo, mwaka 2014 meya na madiwani watano kati ya sita walikuwa Wazungu. Mwaka 2015 Wizara ya Sheria ilibaini kuwa polisi na mahakama ya mji waliwaandama weusi kwa faini ili kujaza hazina. Kura hawakunyimwa, ila wachache waliipiga. Mwaka 2020 wakazi walimchagua Ella Jones, meya mweusi wa kwanza. Alipaye bila kusikizwa si mgeni wala mwenyeji. Yeye ndiye shamba.