Kukataa na Kunyamaza

Seva ya barua pepe isipopokea barua, anayeijaribu kwa mbali hukutana na moja kati ya mambo mawili: ama hukataliwa papo hapo, ama husubiri asijibiwe. Kwa mwenye barua yote ni mamoja, maana barua haikufika. Kwa anayetafuta sababu, tofauti ni kubwa, na imo ndani ya swali ambalo mafakihi walilijadili karne nyingi kabla ya kompyuta: je, kimya ni kauli?

Kanuni mashuhuri ya fikihi, inayonasibishwa na Imamu Shafii, inakataza kumbebesha aliyenyamaza maneno ambayo hakuyasema. Mejelle, mkusanyo wa sheria uliotungwa na dola ya Uthmaniya kati ya 1869 na 1876, iliiweka kanuni hiyo katika kifungu cha 67 na kuitilia sharti: kimya kikitokea pale ambapo kusema kunahitajika, huwa ni bayana. Ndiyo sababu mwanamwali aliyeulizwa kuhusu posa akanyamaza huhesabiwa ameridhia, ilhali anayenyamaza mali yake ikiharibiwa haki yake ya kulipwa haipotei.

Kukataliwa ni kauli. Pakiti ya kwanza ikifika kwenye poti 25, mlango wa barua pepe, na hakuna programu inayosikiliza, mfumo endeshi hurudisha pakiti ya RST, na mtumaji hujua mara moja kwamba muunganisho umekataliwa. Jibu hilo lina habari nyingi: kuna mashine iliyo hai, njia ya kwenda na kurudi ipo, anayekosekana ni msikilizaji tu. Lakini msemaji naye huchunguzwa, kwa kuwa faiwoli iliyo njiani inaweza kutoa RST kwa niaba ya seva ambayo haikuulizwa chochote.

Kisa cha mara kwa mara ni cha Postfix, programu ya seva ya barua, iliyoachwa na mpangilio wa inet_interfaces = localhost. Amri ya ss -ltn, inayoorodhesha poti zinazosikilizwa, huonyesha 127.0.0.1:25, yaani ndani ya mashine tu, mahali palipotarajiwa 0.0.0.0:25, yaani anwani zote. Fundi akijaribu akiwa ndani ya seva hiyohiyo hujibiwa vizuri, akaapa kwamba seva ni nzima. Hasemi uongo. Ushahidi wake ni sahihi, ila unajibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Kimya ni kigumu zaidi. Linux hurudia kutuma pakiti ya kwanza, na kwa kawaida hukata tamaa baada ya dakika mbili na ushei. Huenda faiwoli inazitupa pakiti, au rekodi ya MX, inayotaja seva ya kupokea barua, inaelekeza kwenye anwani ya zamani, au mashine imezimwa. Huenda pia mtoa huduma wa huyo anayejaribu ndiye aliyefunga poti 25 kwa trafiki inayotoka, ili kuzuia barua taka, na seva inayolaumiwa haina habari. Kimya cha namna hii hakina mwenyewe, na kukinasibisha na seva ni kuruka hatua. Mwenyewe hutafutwa kwa kujaribu kutoka mtandao mwingine huku tcpdump, programu ya kuonyesha pakiti zinazopita, ikiendeshwa kwenye seva: pakiti zikionekana zinaingia na jibu halitoki, tatizo limo ndani, zisipoonekana kabisa, liko njiani.

Lile sharti la Mejelle linatimia mahali pamoja. Itifaki ya kutuma barua pepe, SMTP, tangu ilipoandikwa na Jon Postel mwaka 1981, inaitaka seva ndiyo ianze kusema, kwa namba 220. Muunganisho ukishakubaliwa na 220 isije, hapo kimya ni bayana: mfumo endeshi umepokea, lakini programu haijamhudumia mgeni, pengine kwa sababu michakato yake yote imeshikwa na wengine. Hati ya RFC 5321 ya mwaka 2008, inayoieleza itifaki hiyo, inampa mtumaji angalau dakika 5 za kusubiri salamu hiyo.

Hati hiyohiyo inaelekeza kwamba barua iliyokwama irudiwe kutumwa kwa angalau siku 4 hadi 5 kabla ya kukata tamaa. Muda ukiisha, mwandishi wa barua hupata taarifa kwamba haikufika, naye mara nyingi huhitimisha kuwa mwenziwe amemkataa. Taarifa hiyo imeandikwa na seva ya upande wake mwenyewe. Upande wa pili haujasema neno.