Mkiangusha, Semeni Kweli Yote

Wanangu, tumebishana vya kutosha. Kila sanamu inapoangushwa ng'ambo, baraza letu hugawanyika: huyu anashangilia, yule analalamika kwamba historia inafutwa. Kelele zimenichosha, nyinyi hamjanichosha. Nisikilizeni, kisha mpime wenyewe.

Sanamu ni heshima. Wenye nguvu wa zama fulani walimpandisha mtu wao juu, wakatutaka tumtazame. Waliokuja baadaye wana haki ya kukataa. Tarehe 7 Juni 2020, watu wa Bristol, Uingereza, walimng'oa Edward Colston, mfanyabiashara ya watumwa aliyesimamishwa mjini humo tangu 1895, wakamtosa bandarini. Baadaye aliopolewa, akalazwa katika jumba la makumbusho na rangi alizopakwa zikaachwa vilevile. Historia gani imefutika hapo? Wengi wamemjua Colston siku alipoanguka.

Hilo ni la Waingereza. Sisi tuna la kwetu. Wajerumani walisimamisha Dar es Salaam sanamu ya Hermann von Wissmann, kamanda aliyetumwa mwaka 1889 kuvunja upinzani wa pwani. Desemba mwaka huo Abushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani huo, alinyongwa Pangani. Katika sanamu ile Wissmann amesimama juu kabisa. Chini yake yupo askari Mwafrika, uso ameuinua kumtazama bwana wake, na bendera ya Ujerumani inamfunika simba aliyekufa. Waingereza waliposhinda Vita vya Kwanza vya Dunia waliing'oa, na mwaka 1922 ikasimamishwa upya Hamburg, mbele ya chuo kikuu. Wanafunzi wakaiangusha 1967, ikarudishwa. Wakaiangusha tena 1968, na chuo hakikuirudisha mahali pake. Walifanya vema.

Sasa nifikie ninalotaka mlishike. Wissmann alidai amekuja kukomesha utumwa. Wajerumani wakatawala hadi wakaondoka, na sheria ilikuwa bado inautambua utumwa huo. Sheria ya kuufuta utumwa Tanganyika ilitungwa na Waingereza mwaka 1922, mwaka uleule Wissmann aliposimamishwa Hamburg. Sanamu yake ilikuwa nusu ya kweli, na nusu ya kweli ni uongo.

Je, sisi tunasema kweli yote? Abushiri tunamsifu kwa ushujaa, na shujaa alikuwa. Lakini shamba lake la miwa huko Pangani lililimwa na watumwa. Tippu Tip, mfanyabiashara ya watumwa, alifariki Unguja Juni 1905, mwezi uleule Wissmann alipofariki Austria. Nyumba yake ingalipo Mji Mkongwe, na wageni hupelekwa kuutazama mlango wake wa nakshi. Mnamlaani Wissmann kwa sauti kubwa, mkifika kwa Tippu Tip mnanong'ona. Kwa nini? Kwa sababu huyu ni wa kwetu, na wajukuu wa waliouza na wa waliouzwa wanaswali msikiti mmoja. Najua inauma. Lakini nyani haoni kundule, na haki inayomwona mgeni tu ni kisasi.

Tena, mkimaliza kubishana juu ya wakubwa, mkumbukeni yule wa chini. Askari aliyewekwa miguuni pa Wissmann hana jina. Askari wa shaba ambaye Waingereza walimsimamisha Dar es Salaam mwaka 1927, bunduki yake ikielekea bandarini, naye hana jina. Wapagazi waliobeba mizigo ya Vita vya Kwanza vya Dunia walikufa kwa makumi ya maelfu. Majina yao yako wapi?

Nendeni Mkunazini, Unguja, palipokuwa na soko la watumwa hadi 1873. Mtakuta watu watano wa kuchongwa ndani ya shimo, minyororo shingoni. Hakuna kamanda wala farasi. Hapo huinui uso kumtazama mtu, unainama. Ukumbusho wa namna hiyo ndio tunaouhitaji.

Basi, wanangu, kabla ya kushika kamba, shikeni kalamu. Waulizeni wazee wenu babu zao walibebeshwa nini, waliuzwa na nani, na walimuuza nani. Andikeni majina, yanayotia fahari na yanayotia aibu. Wafundisheni wadogo zenu bila kuficha ya wageni wala ya kwenu. Mkishafanya hivyo, angusheni inayostahili kuangushwa, nami nitasimama upande wenu.