NENO LA MCHUNGAJI: NDIYO YETU MBELE YA MUUZA GARI



Mahindi yakiisha kuuzwa, wengi hapa Mpui huanza kufikiri kununua kitu cha maana: bati, ng'ombe wa kukokota jembe, pikipiki, na wenye uwezo, gari. Leo nataka tuseme juu ya kupatana bei, maana mahali hapo Shetani hupenda kuketi katikati ya watu wawili.

Nilimsindikiza ndugu mmoja wa ushirika kwenda mjini kununua kirikuu kilichotumika Japani. Bei iliyotajwa ilikuwa shilingi milioni 15. Ndugu yangu alikuwa na milioni 14. Alilizunguka gari, akapiga tairi teke, akasema rangi imechoka na injini inakohoa, ingawa alikuwa ameninong'oneza kwamba hajaona zuri kama lile. Kisha akaapa kwa jina la Mungu kwamba ana milioni 12 tu. Akanigeukia: "Si kweli, Mchungaji?" Nami nikaitikia kwa kichwa.

Muuzaji naye akaapa kwamba kipimo cha kilomita hakijarudishwa nyuma. Tukakubaliana milioni 12 na nusu. Njiani tulicheka. Someni Mithali 20:14, mtatukuta tumeandikwa pale: mnunuzi anayekiponda kitu, kisha akaenda zake akijisifu.

Baada ya miezi mitatu gia boksi ilivunjika. Ndugu yangu alikuja kwangu na hasira: "Nimetapeliwa!" Nikamwuliza, "Na sisi je?" Tulinyamaza sote wawili.

Wapenzi, walanguzi wanapokuja kwetu wakitaka lumbesa, tunalia kwamba tunaibiwa. Ni kweli, tunaibiwa. Lakini yuko kati yetu atiaye mahindi mabichi chini ya gunia na makavu juu. Uongo hauna upande. Walawi 25:14 yamwonya auzaye na anunuaye pia, wasidhulumiane.

Je, kupatana bei ni dhambi? Hasha. Katika Mwanzo 23, Ibrahimu alinunua shamba la Efroni kwa shekeli 400 za fedha, akazipima mlangoni pa mji, masikioni pa watu. Biashara ile ilifanyika mchana, wala hapakuwa na la kuficha.

Basi ukienda kununua gari, ulizia bei katika yadi zaidi ya moja. Nenda na fundi unayemwamini, si dalali peke yake. Na dalali mwulize wazi cha juu chake ni kiasi gani. Hakikisha kadi ya gari ni ya huyo anayeuza. Kumbuka pia kwamba gari kutoka Japani hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, na Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, na tozo nyingine. Kwa hiyo si kila shilingi unayoitajiwa ni faida ya muuzaji. Ukiona kasoro, itaje. Ukiona uzuri, usiuite ubaya. Kunyamaza juu ya kilichomo mfukoni si uongo. Kuapa kwamba hakimo ndiko uongo. Bwana wetu alitufundisha katika Mathayo 5:37 kwamba ndiyo yetu yatosha kuwa ndiyo, bila kiapo.

Tulirudi mjini kutafuta spea, tukamwambia yule kijana muuzaji ukweli wetu. Alicheka kwanza. Kisha akatazama chini, akasema, "Kumbe hata wachungaji?" Hakukiri la kwake, wala hakurudisha fedha, nasi hatukumdai. Lakini neno lile laniuma mpaka leo. Kijana yule huenda hakuwahi kusikia hubiri langu hata moja. Kichwa changu kilichoitikia uongo ndicho hubiri alilolipata.

Ndugu zangu, yuko mtu sokoni ambaye Injili ataisoma katika bei yako tu. Mwandikie vizuri.

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo iwe nanyi nyote. Amina.