Upepo Hauna Hati

Watetezi wa nishati safi hupenda kutukumbusha kwamba jua na upepo havilipiwi. Ni kweli, na ukweli huo ndio unaopotosha. Mwenye jenereta hununua dizeli ya leo kwa fedha za leo. Mwenye mtambo wa upepo hununua upepo wa miaka ishirini kwa mkupuo, tena kwa mkopo. Kwa hiyo unafuu wa umeme wake hautegemei upepo tu, unategemea riba. Na riba ni hukumu ya wenye fedha juu ya serikali: je, neno lake la leo litaheshimiwa na waziri ambaye bado hajateuliwa?

Tazama Loiyangalani, kaunti ya Marsabit. Mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310 ilikuwa imesimama tayari mwaka 2017. Upepo ukavuma kama kawaida yake. Lakini laini ya umeme ya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa, iliyokuwa jukumu la serikali, haikuwepo. Mkandarasi wake kutoka Uhispania alikuwa amefilisika. Umeme uliingia gridi ya taifa mwaka 2018, na Kenya ikawa imekwisha kudaiwa fidia ya umeme usiomfikia mtu. Mkataba wa kununua umeme huo ulikuwa na kifungu kilichosema hivyo. Benki ya Dunia ilijitoa katika mradi huo mapema, 2012, ikihofia Wakenya watalipia umeme wasiouhitaji.

Sisemi mkataba ule ulikuwa wizi. Bila kifungu kile, nani angekopesha fedha zikajenge nyikani kule? Ila tuelewane: kilichouzwa pale, kabla ya umeme, ni uhakika, na uhakika huo aliutoa mlipa bili wa Nairobi na Kisumu, ambaye hakuulizwa.

Wala si yeye peke yake aliyebebeshwa mashaka. Mradi ulipewa ekari 150,000 za ardhi ambako Wasamburu, Waturkana na Warendille wamechunga mifugo vizazi na vizazi. Mkopeshaji aliogopa kupoteza fedha, mfugaji aliogopa kupoteza malisho. Hofu zote mbili zina msingi, lakini ya kwanza iliandikiwa kifungu na kuwekewa bei kabla nguzo moja haijasimama. Ya pili ilipelekwa kortini mwaka 2014, na mwaka 2021, mitambo ikiwa inazunguka, mahakama ya Meru ikaamua kwamba hati za ardhi hiyo zilitolewa isivyo halali.