Fuvu na Dhoruba: Suala la Kweli katika Picha za Nchi Kame

Mpigapicha anayeingia katika nchi kame wakati wa dhoruba ya vumbi hukabiliwa na tatizo ambalo mwandishi wa riwaya halijui. Mwandishi anaweza kuisimulia dhoruba kutoka ndani yake: giza, kikohozi, mkono unaopapasa ukuta. Kamera haina uwezo huo. Vumbi linapozidi, nuru hukatika, na filamu haibaki na chochote ila ukungu usio na umbo. Tarehe 14 Aprili 1935, dhoruba ilipoyakumba mashamba ya Oklahoma na Texas, mchana uligeuka usiku. Picha zinazojulikana za siku hiyo ni za wingu likija, wala si za wingu likiwa limekwisha kufika. Kwa hiyo picha ya dhoruba, aghalabu, ni picha ya ukingo wake, na mpigapicha hana budi kuchagua kitu kinachoonekana kisimame badala ya kile kisichoonekana. Suala la kimaadili ni hili: uchaguzi huo hugeuka uwongo wakati gani?

Mfano wa Arthur Rothstein unafaa kuchunguzwa. Mwaka 1936 Rothstein, kijana aliyezaliwa mwaka 1915, alikuwa mpigapicha wa Resettlement Administration, idara ya serikali ya Marekani iliyoshughulikia wakulima maskini. Mwezi Mei, katika eneo la Badlands, South Dakota, aliliona fuvu la ng'ombe juu ya ardhi iliyopasukapasuka. Alilipiga picha, kisha akalisogeza mita chache na kulipiga tena mahali pengine. Picha hizo zilisambazwa kama ishara ya ukame. Mwezi Agosti, mwaka huo wa uchaguzi, Rais Franklin Roosevelt alipokuwa akizuru majimbo yenye ukame kwa garimoshi, gazeti moja la mji wa Fargo lilidai kwamba picha ya fuvu ilikuwa ya kughushi. Wapinzani wa serikali wakalidaka neno hilo na kulivumisha.

Ukichambuliwa vyema, ugomvi huo ulikuwa na mashtaka mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. La kwanza ni kwamba fuvu lilisogezwa. La pili ni kwamba mafuvu na ardhi ya magadi hupatikana Badlands hata katika miaka ya mvua nzuri, kwa hiyo picha ile haikuthibitisha lolote kuhusu mwaka 1936. Shtaka la kwanza ndilo lililovuma. La pili ndilo zito. Lau Rothstein asingaligusa fuvu hata kwa ncha ya kidole, shtaka la pili lingalisimama palepale. Yamkini, basi, kugusa au kutogusa si kiini cha jambo.

Picha nyingine ya Rothstein inalidhihirisha hilo. Mwezi Aprili 1936, katika wilaya ya Cimarron, Oklahoma, alimpiga picha mkulima na wanawe wawili wakipita kwenye vumbi kukiendea kibanda kilichofukiwa nusu na mchanga. Katika makala ya miaka ya 1940 alieleza kwamba aliwaelekeza watu hao: baba ainame, mtoto mdogo abaki nyuma na kujikinga uso kwa mkono. Miaka ya baadaye alikana kuipanga picha hiyo. Tuseme aliipanga. Hata hivyo, kibanda hakikufukiwa na mpigapicha, na familia ile haikukodiwa kutoka mjini. Ilikuwa ikiishi katika vumbi lile lile. Kilichopangwa ni ishara ya mwili, si hali ya maisha. Lakini kukana kwake kunazua swali: ikiwa kuelekeza hakukuwa kosa, kwa nini kufichwe?

Wapo watakaojibu kwamba sanaa ina kweli yake, na kwamba hakuna anayemshtaki mwandishi wa riwaya kwa kumbuni mhusika. Hoja hiyo inasahau mapatano. Msomaji wa riwaya anajua tangu jalada kwamba anasimuliwa yaliyobuniwa. Msomaji wa gazeti, kinyume chake, hupewa picha pamoja na kiapo kisichotamkwa: nilikuwepo, na ndivyo ilivyokuwa. Haiwezekani kula kiapo cha shahidi, kisha, unapoulizwa, ukimbilie uhuru wa msanii.

Na anayelipa gharama ya kiapo kilichovunjwa ni nani? Si Rothstein, aliyeendelea na kazi yake kwa heshima. Ukame wa mwaka 1936 ulikuwa wa kweli, na kiangazi chake kilikuwa miongoni mwa vile vya joto kali zaidi katika kumbukumbu za Marekani. Lakini mjadala ulihama kutoka kwenye ardhi ukaenda kwenye fuvu. Samaki mmoja akioza, wote huoza. Methali hiyo haiwatendei haki samaki wazima, ila soko haliwaulizi. Mkulima ambaye hakusogeza chochote ndiye aliyetiliwa shaka. Picha ya dhiki ni amana ya wenye dhiki. Anayeitumia vibaya huwafuja wao kabla ya kujifuja mwenyewe.

Hasi za idara ile zimehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani, na anayetaka anaweza kuzilinganisha picha za fuvu moja baada ya nyingine. Zikiwa pamoja, hazidanganyi: zinamwonyesha kijana akiutafutia ukame umbo, kama mshairi anavyojaribu neno baada ya neno. Uwongo ulianza pale moja ilipotengwa na wenzake, ikapewa maelezo isiyoweza kuyabeba, na kutumwa kutoa ushahidi peke yake. Kwa hiyo swali la mhakiki lisiwe tu iwapo mpigapicha aligusa alichokikuta. Liwe: picha hii inaapa nini, na je, aliyekuwa ndani ya vumbi lile angekubali kuapa hivyo hivyo?