Taklifu na Akili Isiyotulia

Katika mji wa Same na vijiji vya Upareni, kama kwingineko, mtoto asahauye madaftari, akatizaye maneno ya wenziwe na kuiacha kazi katikati huitwa mtundu au mvivu. Nasi hatuna budi kuuliza kama hukumu hiyo ni ya insafu mbele ya Mola aliyemuumba pamoja na ubongo wake.

Mwaka 1902, tabibu George Still aliwahutubia matabibu wenzake jijini London juu ya watoto wenye akili timamu wasioweza kujizuia, akaihesabu hali hiyo kuwa kasoro ya kujitawala kimaadili. Lakini elimu ya leo, inayoiita ADHD na kuiona kuwa tofauti ya ukuaji wa ubongo ambayo aghalabu hurithiwa, imeiondoa katika orodha ya madhambi.

Wanazuoni wa fikihi husema taklifu, yaani wajibu anaotwikwa mja na sheria ya dini, hufuata uwezo. Je, asiyetulia amesamehewa kila wajibu? Hasha! Wapare, wajuapo kwamba kijito chembamba hakifiki shambani kwa nguvu zake, huyakusanya maji yake usiku katika bwawa la ndiva, kisha mchana huyafungulia mferejini. Hawakilaani kijito, wala hawaliachi shamba likauke. Vivyo hivyo kazi igawanywe, saa ikumbushe, na dawa itumike tabibu aionapo yafaa. Kuutafuta msaada huo ni wajibu wa mja mwenyewe. Na jamaa zake waliojaaliwa utulivu, wakimnyima, hawana haki ya kumhukumu.